Leonardo wa Pisa: Mwana wa karani aliyeipelekea Ulaya hesabu za shule ya msingi

MWANAFUNZI wa gredi ya sita akiambiwa azidishe 37 kwa 24, huchukua kalamu, akaandika mistari mitatu au minne na kupata 888. Kazi hiyo haimchukui hata dakika mbili. Akikosea, mwalimu huona papo hapo ni wapi alikoteleza, kwa kuwa kila hatua imebaki kwenye daftari.

Miaka 800 iliyopita, mfanyabiashara wa kawaida nchini Italia hakuwa na uwezo huo. Nambari alizozijua zilikuwa za Kirumi. Kwake 37 ilikuwa XXXVII, 24 ilikuwa XXIV, na jibu lilikuwa DCCCLXXXVIII, herufi 12 kwa kitu ambacho mtoto wa leo hukiandika kwa tarakimu tatu.

Kuzidisha kwa herufi hizo kulikuwa kazi ya kuchosha mno. Ndiposa wafanyabiashara wakatumia ubao wa kuhesabia uliochorwa mistari, wakisogeza vijiwe juu yake. Hesabu ilipokwisha, vijiwe viliondolewa na jibu pekee likaandikwa. Hakuna aliyeweza kurudi nyuma na kukagua jinsi jibu hilo lilivyopatikana.

Mtu aliyechangia pakubwa kubadilisha hali hiyo ni Leonardo wa Pisa, ambaye ulimwengu sasa unamfahamu kwa jina Fibonacci. Wengi humkumbuka kwa fumbo lake la sungura. Hata hivyo, urithi wake mkubwa zaidi umo katika yale ambayo watoto hujifunza kati ya gredi ya nne na ya sita: thamani ya nafasi, kuzidisha na kugawanya nambari kubwa, sehemu, uwiano, faida na hasara.

Msingi wa elimu hiyo aliupata akiwa mvulana, katika bandari moja ya Afrika.

Mvulana aliyeitwa Bugia

Leonardo alizaliwa yapata mwaka wa 1170. Mnara mashuhuri wa Pisa, ule ulioinama, ulianza kujengwa mnamo 1173, wakati yeye alipokuwa angali mtoto mdogo. Enzi hizo Pisa ilikuwa jamhuri ya mabaharia na wafanyabiashara, ikishindana na Genoa na Venice kudhibiti biashara ya bahari ya Mediterania.

Babake, Guglielmo, alikuwa wa ukoo wa Bonacci. Jina Fibonacci, lenye maana ya mwana wa ukoo huo, lilienezwa na mwanahistoria Guillaume Libri mnamo 1838, karne sita baada ya mwenyewe kufariki. Katika uhai wake alijulikana kama Leonardo wa Pisa, na wakati mwingine Leonardo Bigollo.

Guglielmo alikuwa karani wa umma. Serikali ya Pisa ilimtuma kwenye forodha ya Bugia ili ashughulikie maslahi ya wafanyabiashara wa Pisa waliotia nanga huko. Bugia ndio mji wa Béjaïa wa leo, katika pwani ya Algeria. Ulikuwa umewahi kuwa makao makuu ya watawala wa nasaba ya Hammad kabla ya kutekwa na Waalmohadi mnamo 1152, na ulisifika kwa elimu na kwa biashara. Nta yake iliuzwa kwa wingi ng'ambo ya bahari, kiasi kwamba neno la Kifaransa la mshumaa hadi leo ni jina la mji huo.

Karani huyo alikuwa na jicho la kuona mbali. Alimwita mwanawe aje Bugia ili asomeshwe hesabu, kwa kuwa aliamini zingemfaa baadaye maishani. Katika Pisa, mvulana wa umri wake angefunzwa nambari za Kirumi na ubao wa vijiwe. Katika Bugia alikuta mambo mengine kabisa.

Tarakimu tisa na sifuri

Alichofundishwa kilikuwa mfumo wa tarakimu tisa kutoka India, pamoja na ishara ya kumi ambayo Waarabu waliiita sifr, yaani kitu kitupu. Kwa ishara hizo kumi, mtu aliweza kuandika nambari yoyote ile, iwe ndogo au kubwa.

Siri ya mfumo huo ni ile ambayo walimu huiita thamani ya nafasi. Katika 888, nane ya kwanza ni mia nane, ya pili ni themanini na ya tatu ni nane tu. Ishara ni ile ile, lakini mahali ilipokaa ndipo huipa uzito. Sifuri nayo hulinda nafasi isiyo na kitu, ili 308 isije ikachanganywa na 38. Mtoto wa leo hulichukulia jambo hili kuwa la kawaida kama kupumua, ilhali ni miongoni mwa uvumbuzi mkubwa zaidi katika historia ya binadamu.

Mfumo huo ulikuwa umesafiri mbali kabla ya kumfikia Leonardo. Mwanahisabati wa India, Brahmagupta, alikuwa ameandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri mnamo 628. Katika karne ya tisa, al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu kilichoueleza mfumo huo kwa Kiarabu. Kutoka huko ulienea hadi Misri na Maghreb, na wasomi wa kila mahali waliutia chumvi yao.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuyaelewa haya upesi kuliko wengi. Neno letu sifuri ni lile lile sifr. Leonardo alipoliandika kwa Kilatini aliliita zephirum, na katika vinywa vya Waitaliano likafupishwa hadi likawa zero, neno linalotumika leo katika lugha nyingi za Ulaya. Aidha, tunapohesabu sita, saba, tisa, ishirini, mia na elfu, na tunapotaja hisabati na tarakimu, tunatumia maneno yaliyoletwa na biashara hiyo hiyo ya Waarabu, ila sisi yalitufikia kupitia Bahari ya Hindi.

Kusafiri kwingi

Leonardo alipokuwa mtu mzima alisafiri sana kwa shughuli za biashara. Alifika Misri, Syria, nchi ya Wagiriki, Sicily na Provence kusini mwa Ufaransa. Popote alipokwenda aliwatafuta waliojua hesabu, akajadiliana nao na kuzilinganisha mbinu zao.

Katika masoko hayo aliona tatizo moja likijirudia. Kila mji ulikuwa na fedha zake, mizani yake na vipimo vyake vya nguo na nafaka. Mfanyabiashara aliyenunua pilipili Alexandria na kuiuza Pisa alilazimika kubadilisha ratili za huku kuwa za kule, na sarafu za huku kuwa za kule, kisha atoe gharama ya chombo na kugawana kilichobaki na wabia wake. Kosa dogo lingeweza kumfilisi mtu. Wahenga wa pwani yetu hawakukosea walipoonya kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Baada ya kuzipima mbinu zote alizozikuta, Leonardo alifikia uamuzi kwamba hakuna iliyoushinda mfumo wa Kihindi. Yapata mwaka wa 1200 alirejea Pisa, akaketi kuandika.

Kitabu cha mwaka wa 1202

Kitabu chake kikubwa, Liber Abaci, yaani Kitabu cha Hesabu, kilikamilika mnamo 1202. Jina lenyewe linaweza kumpotosha msomaji, kwa kuwa linafanana na lile la ubao wa vijiwe. Kumbe lengo la kitabu lilikuwa kuonyesha jinsi ya kuhesabu pasipo ubao huo.

Kina sura 15, na mpangilio wake ungeweza kutambuliwa na mwalimu yeyote wa shule ya msingi. Kinaanza na kusoma na kuandika tarakimu. Kisha huja kuzidisha, kujumlisha, kutoa na kugawanya nambari nzima. Baadaye huingia kwenye sehemu, na kutoka hapo hadi bei ya bidhaa, kubadilishana mali kwa mali, ubia, na uchanganyaji wa madini ya sarafu. Sura za mwisho ndizo zinazopanda hadi vipeuo, jiometri na aljebra.

Leonardo hakuwa mtu wa kwanza wa Ulaya kuandika juu ya tarakimu hizi. Tafsiri za Kilatini za kazi ya al-Khwarizmi zilikuwapo tangu karne ya 12, lakini zilisomwa na wasomi wachache katika majumba ya kitawa na vyuo. Tofauti ya Leonardo ni kwamba aliwaandikia watu wa sokoni kwa mifano ya sokoni, akaipanga kuanzia rahisi hadi ngumu, na akaitoa kwa mamia.

Mbinu zake nyingi zingali hai. Katika kuzidisha 37 kwa 24, mtoto husema nne mara saba ni 28, huandika nane na kubaki na mbili. Leonardo alifundisha kwamba hiyo iliyobaki ihifadhiwe mkononi, na alimaanisha mkono wa nyama na mifupa. Kila nambari ilikuwa na mkao wake wa vidole, na mwanafunzi wake alitakiwa kuukariri kabla ya jambo jingine lolote.

Alifundisha pia jinsi ya kuhakiki jibu kwa kuondoa tisa. Chukua 37: tatu na saba ni kumi, na moja na sifuri ni moja. Chukua 24: mbili na nne ni sita. Moja mara sita ni sita. Sasa chukua jibu, 888: nane, nane na nane ni 24, na mbili na nne ni sita. Zinalingana, kwa hivyo jibu linaelekea kuwa sahihi. Njia hii haifichui kila kosa, kwani aliyeandika 879 naye angepita mtihani huo. Lakini yule ambaye hesabu yake haikulingana alijua bila shaka kwamba amekosea. Kwa mtu aliyetumia vijiwe tu, ukaguzi wa aina hii haukuwa rahisi.

Kistari kati ya nambari mbili

Sehemu ndizo huwasumbua wanafunzi wengi, na ndizo zilizochukua nafasi kubwa katika kazi ya Leonardo. Kistari tunachochora kati ya nambari ya juu na ya chini tunapoandika nusu au robo tatu kilitumiwa na wanahisabati wa Maghreb katika karne ya 12, akiwemo al-Hassar. Leonardo alikichukua kutoka kwao na kukipeleka Italia.

Alama ya walimu wake inaonekana hata pale alipoandika nambari nzima pamoja na sehemu. Sisi huandika nambari nzima kwanza, kisha sehemu kuliani kwake. Leonardo aliweka sehemu kushotoni, kama ilivyokuwa desturi ya watu wanaoandika kutoka kulia kwenda kushoto.

Umuhimu wa sehemu ulitokana na fedha za wakati huo. Pauni moja ilikuwa na soldi 20, na kila soldo ilikuwa na denari 12, hivyo pauni nzima ilikuwa denari 240. Wakenya waliofuatilia makadirio ya bajeti ya serikali katika miongo ya kwanza ya uhuru wanaikumbuka pauni ya shilingi 20. Mpango huo una asili katika hesabu hizi za Ulaya ya kale. Watu watatu waliogawana pauni moja walipata soldi sita na denari nane kila mmoja. Desimali, ambazo leo hufundishwa sambamba na sehemu, hazikuwa zimeanza kutumika Ulaya. Zilipata umaarufu huko baada ya Simon Stevin kuchapisha kijitabu chake mnamo 1585.

Maswali ya ubia nayo yangeweza kupatikana katika mtihani wowote wa leo. Chukua wafanyabiashara watatu, mmoja akiwa ametoa pauni 30, wa pili 50 na wa tatu 70, na faida yao ni pauni 45. Mtaji wote ni 150, kwa hivyo kila pauni 10 zilizotolewa zimezaa faida ya pauni tatu. Wa kwanza anapata tisa, wa pili 15 na wa tatu 21. Leonardo alieleza njia ya kulitatua swali la namna hii hatua kwa hatua, ili yeyote mwenye kujua kusoma aweze kukagua kama amedhulumiwa.

Hapo ndipo uzito wa kazi yake ulipo. Hesabu iliyofanywa kwa vijiwe ilibaki kuwa siri ya aliyevisogeza. Hesabu iliyoandikwa ilibaki wazi mbele ya mbia, mdai na hakimu.

Mti, vikongwe na sungura

Leonardo alijua kuwa msomaji huchoka, kwa hivyo alitia mafumbo mengi kitabuni. Mojawapo ni la mti ambao thuluthi yake na robo yake zimo ardhini, na sehemu hiyo iliyofukiwa ina urefu wa shibiri 21. Urefu wa mti mzima ni upi?

Alitatua kwa kukisia. Tuseme mti ni shibiri 12, nambari inayogawanyika kwa tatu na kwa nne. Thuluthi ya 12 ni nne, robo yake ni tatu, jumla saba. Lakini kilicho ardhini ni 21, ambayo ni saba mara tatu. Basi mti nao ni 12 mara tatu, yaani shibiri 36. Hakuna aljebra iliyohitajika, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuifuata njia hiyo bila kukwama.

Fumbo jingine ni la vikongwe saba walio njiani kwenda Roma, kila mmoja akiwa na nyumbu saba, kila nyumbu magunia saba, kila gunia mikate saba, kila mkate visu saba, na kila kisu ala saba. Jumla ya vyote ni 137,256. Fumbo linalokaribiana nalo, lenye nyumba saba, paka saba katika kila nyumba na panya saba kwa kila paka, limo katika karatasi ya mafunjo iliyoandikwa na karani Ahmose wa Misri zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Ni ishara ya jinsi maswali ya darasani yanavyoweza kudumu kuliko falme.

La sungura ndilo lililompa jina. Mtu anafungia jozi moja ya sungura. Kila jozi huzaa jozi moja kila mwezi, na watoto huanza kuzaa katika mwezi wao wa pili. Baada ya mwaka kutakuwa na jozi 377. Mfululizo unaotokea, ambapo kila nambari ni jumla ya mbili zilizoitangulia, ulikuwa umejulikana na wasomi wa India waliochunguza mizani ya mashairi, akiwemo Hemachandra katika karne ya 12. Kwa Leonardo lilikuwa zoezi moja miongoni mwa mamia. Ni Édouard Lucas wa Ufaransa, katika karne ya 19, aliyeupa mfululizo huo jina la Fibonacci.

Mbele ya mtawala

Sifa za Leonardo zilimfikia Frederick wa Pili, mtawala wa Dola Takatifu ya Kirumi. Frederick alilelewa Sicily, alipenda elimu na alizungukwa na wasomi. Katika miaka ya 1220, Leonardo alifikishwa mbele yake mjini Pisa, na msomi mmoja wa mtawala huyo, Johannes wa Palermo, akampa maswali.

Swali moja lilitaka nambari ambayo mraba wake ukiongezwa tano, au ukipunguzwa tano, bado hubaki kuwa mraba kamili. Jibu la Leonardo lilikuwa sehemu: 41 chini ya kistari 12. Mraba wake ni 1,681 kwa 144. Ukiongeza tano unapata 2,401 kwa 144, ambayo ni mraba wa 49 kwa 12. Ukipunguza tano unapata 961 kwa 144, ambayo ni mraba wa 31 kwa 12. Mwanafunzi wa darasa la nane wa zamani angeweza kulihakiki jibu hilo kwa kalamu na karatasi, japo kulipata ni kazi nyingine.

Swali jingine lilihusu nambari ambayo mchemraba wake, ukijumlishwa na mraba wake mara mbili na nambari yenyewe mara kumi, hutoa 20. Leonardo alithibitisha kwamba nambari hiyo haiwezi kuwa nzima wala sehemu, kisha akatoa jibu la kukadiria kwa kugawanya moja mara sitini, na kila sehemu mara sitini tena, kama tunavyogawanya saa kuwa dakika na sekunde. Kwa desimali za leo, jibu lake ni sahihi hadi nafasi ya tisa.

Mbali na Liber Abaci aliandika Practica Geometriae, kuhusu upimaji wa maeneo na ujazo, mnamo 1220, na Liber Quadratorum, kuhusu miraba, mnamo 1225. Mnamo 1228 alitoa toleo jipya la kitabu chake cha kwanza na kulitunuku kwa Michael Scot, mfasiri mashuhuri wa vitabu vya Kiarabu aliyehudumu katika baraza la Frederick.

Mji wake haukumsahau. Takriban mwaka wa 1241, Jamhuri ya Pisa iliamua kumlipa pauni 20 kila mwaka, pamoja na marupurupu ya kawaida, kwa huduma yake ya kufundisha na kuushauri mji kuhusu mahesabu. Hiyo ndiyo habari ya mwisho iliyoandikwa juu yake akiwa hai.

Upinzani na ushindi

Si kila mtu aliyezipokea tarakimu hizo kwa mikono miwili. Mnamo 1299, chama cha wabadilishaji fedha cha Florence kiliwapiga marufuku wanachama wake kuzitumia katika vitabu vya hesabu. Ilihofiwa kuwa zingeghushiwa kwa urahisi, kwa kuwa sifuri ingegeuzwa sita au tisa kwa mchoro mmoja wa kalamu. Vitabu vingi vya mahesabu viliendelea kuandikwa kwa nambari za Kirumi kwa muda mrefu baada ya hapo.

Hata hivyo, biashara haikungoja. Katika miji ya Italia zilichipuka shule za hesabu, ambamo wavulana waliokuwa wamekwisha kujua kusoma walifunzwa kuzidisha, kugawanya, sehemu, ubia na ubadilishaji wa fedha. Mwandishi wa historia Giovanni Villani alirekodi kwamba mnamo 1338 Florence ilikuwa na shule sita za aina hiyo, zenye wavulana kati ya 1,000 na 1,200. Waliohitimu waliingia kwenye maduka na benki wakiwa na silaha ambayo babu zao hawakuwa nayo. Wasichana walinyimwa nafasi hiyo, na ingepita karne nyingi kabla ya dosari hiyo kurekebishwa.

Walimu wa shule hizo waliandika vitabu vidogo kwa lugha ya mitaani badala ya Kilatini, na mengi ya mafumbo yao yanafanana na ya Leonardo. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika kitabu kifupi kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini hicho kimepotea. Uchapishaji ulipofika, hesabu hizi zilienea kama moto wa nyikani. Kitabu cha kwanza cha hesabu kuchapishwa Ulaya kilitoka Treviso, karibu na Venice, mnamo 1478.

Kusahauliwa na kukumbukwa

Mbinu ziliposhinda, mwalimu alisahauliwa. Kitabu kikubwa cha Leonardo kilibaki katika nakala za mkono, kikifichwa na vumbi la maktaba. Luca Pacioli, aliyechapisha kitabu chake cha hesabu mjini Venice mnamo 1494, alikiri kuwa alichota kutoka kwa Leonardo. Ni kukiri huko kulikompa mwanahistoria Pietro Cossali, mwishoni mwa karne ya 18, uzi wa kufuata hadi kwa mwandishi wa asili.

Mnamo 1857, Baldassarre Boncompagni alichapisha matini ya Kilatini ya Liber Abaci mjini Roma. Mnamo 1863, Pisa ilipata sanamu ya mwana wake, kazi ya mchongaji Giovanni Paganucci. Tafsiri kamili ya kitabu hicho kwa Kiingereza, iliyofanywa na Laurence Sigler, ilitoka mnamo 2002, miaka 800 kamili baada ya kitabu kuandikwa.

Mgala muue na haki yake umpe. Leonardo hakuvumbua tarakimu, wala sifuri, wala kistari cha sehemu, wala mfululizo wa sungura. Hakuficha pia alikotoa elimu yake: aliziita tarakimu hizo za Kihindi, na akataja kuwa alifundishwa Bugia. Kipaji chake kilikuwa katika kusikiliza wageni bila kiburi, kupima mbinu zao kwa haki, na kueleza alichokipata kwa lugha ambayo mwenye duka angeielewa.

Majina ya walimu wa Bugia waliomketisha mvulana mgeni na kumfunza ishara kumi hayakuhifadhiwa. Lakini kila mtoto anayezidisha, anayegawanya na anayechora kistari kati ya nambari mbili, awe Nairobi, Mombasa, Algiers au Pisa, anaendeleza somo lililoanzia kwenye bandari hiyo ya Afrika. Mzazi atakayesikia mwanawe akilalamika kuwa hesabu za sehemu hazina faida anaweza kumkumbusha kuwa kuna wakati watu walivuka bahari kuzitafuta, na wengine wakajaribu kuzipiga marufuku.